Kabla Hujatia Sahihi

Wanangu mnaotoka vyuoni na diploma za ustawi wa jamii, mkitafuta kazi katika Idara ya Huduma za Watoto au kwenye mashirika yaliyo huku kwetu Ukambani, nisikilizeni kabla hamjatia sahihi.

Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kesi ikizuka Ikutha nawe uko Kitui mjini, usitegemee gari la kazi. Utapanda matatu, ushuke, utafute bodaboda, ufike kwa chifu saa nane mchana ukiwa na njaa. Utakuta wazee wa pande mbili wameketi chini ya mti wakijadili idadi ya mbuzi wa fidia, na msichana aliyenajisiwa yuko jikoni, hajaulizwa neno. Sheria ya Watoto ya 2022 unayo mkobani, lakini wa kuisimamia pale ni wewe peke yako mbele ya ukoo mzima, na jioni utarudi kwa njia ileile. Vijana wengi niliowaona wakiacha kazi walikuwa wamevumilia mshahara mdogo. Hili la Ikutha hawakuambiwa.

Basi ulizeni mapema. Eneo langu linaishia wapi? Nauli ni ya nani? Nikirudi nimeona mambo mazito, nitazungumza na nani? Mwajiri akiudhika kwa maswali hayo, tafuteni kwingine.

Na mkichoka, ondokeni. Hakuna aibu. Ninachowakanya ni kuondoka kimyakimya. Mtoto alikusimulia kwa shida, akitazama sakafu. Usipomkabidhi kwa mtu, atakayekuja ataanza naye upya. Akija wa tatu, mtoto hunyamaza, na kesi kortini ni vigumu kusimama bila neno lake. Nalisema hili kwa uchungu.

Mchukue anayekurithi, mwende pamoja hadi Mbooni au Mtito Andei, umtambulishe kwa nyanya wa mtoto, mkae, mnywe chai. Mkutanishe pia na mhudumu wa kujitolea wa kijiji, kwa kuwa yeye hahamishwi, na ndiye anayejua nyumba ipi ina kelele usiku. Waachie namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo. Lifanyeni hili mapema, maana wiki ya mwisho huliwa na kurudisha vifaa na kutafuta sahihi za ofisini.