Tukimwambia mtahiniwa "utafaulu, inshallah"

Kila muhula wa tatu sisi wanachuo huitwa kwenye shule za sekondari kuwanasihi watahiniwa wa UNEB. Tunasoma dua, kisha tunawaambia: "Mtafaulu, inshallah." Je, tuna haki ya kuwaahidi hivyo?

Katika Suratul-Kahf, Mtume (s.a.w.) anafundishwa asiseme kuwa atafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Basi inshallah ni lijamu ya ulimi. Sisi tumeigeuza kuwa muhuri wa ahadi. Mtahiniwa wa UACE akipata O yenye pointi moja pale alipotarajia A yenye sita, humdhania Mola wake vibaya, ilhali aliyeahidi ni mgeni wa Jumamosi aliyekwisha kurudi chuoni.

Mtu atasema: mwenye hofu hataki tafsiri, anataka kutiwa moyo. Kweli, na kukata tamaa kumekatazwa. Lakini moyo huja kwa muhasaba pia. Akae na mtihani wa mwaka uliopita, ajisahihishe bila kujionea huruma, aone swali gani limemshinda na kwa nini. Aliyegundua kuwa hukosea kwa kutosoma swali lote, wala si kwa kuwa "hana kichwa" (neno la dhulma, hata likitoka kwa mwalimu), hutulia kuliko aliyepigiwa makofi.

Kwa hiyo tuwaombee dua, tukae nao juu ya karatasi moja mpaka iishe, na tuwaahidi lile tunaloweza kulifanya: Jumamosi ijayo, inshallah, tutarudi, nao walete masahihisho yao.