Mswahili ni Nani?



Kila unapokaribia uchaguzi, uwe wa serikali au wa wazee wa kanisa, husikika maneno ya namna moja: "Watu wa pwani ni wavivu." "Watu wa bara hawana adabu." "Wale wa kaskazini wakipata cheo, watajaza ndugu zao." Msemaji hucheka, nasi twacheka, kisha twaenda kupiga kura. Nataka tuulize: je, maneno hayo yatufundisha lolote juu ya mtu anayetajwa? Ili tusipotee, tulifuate jina moja tulijualo sote, nalo ni jina la Mswahili.

Asili yake ni neno la Kiarabu, sawahil, maana yake pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil. Basi lilikuwa jina la mahali, tena lilitolewa na wageni. Wenyeji walijiita kwa miji yao: Waamu, Wapate, Wamvita. Aliyetaka kujisifu alisema, "Mimi ni mwungwana," yaani si mtumwa, wala si mshenzi wa bara.

Hata neno mwungwana halikutulia. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliingia bara mpaka Manyema. Wengi wa wapagazi na askari wake walikuwa watumwa huko pwani. Lakini bara waliitwa Waungwana, na Kiswahili walichokipeleka Kongo kikaitwa Kingwana. Mtu yule yule alikuwa mtumwa Unguja na mwungwana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na hakuna kilichobadilika ndani yake njiani.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wengi walioachwa huru wakajiita Waswahili. Kwao lilikuwa jina la heshima, maana lilisema, "Sisi ni wa hapa." Kwa sababu hiyo hiyo, waliojiona wa daraja la juu walianza kulikimbia, wakapenda kuitwa Washirazi au Waarabu. Serikali ya kikoloni nayo ilichochea jambo hili, kwa kuwa iliwapa watu haki na kodi kwa kufuata kabila waliloandikiwa.

Bara jina hilo lilikuwa na sura nyingine. Wajerumani waliwatumia watu wa pwani kuwa maakida na makarani. Mkulima wa huko alipomwona Mswahili, aliona kodi na kiboko. Baadaye miji ilipogawanywa kwa rangi, pakawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sasa Mswahili akawa mtu mweusi wa mjini aliye maskini, hata kama kwao ni Tabora au Songea.

Kisha ikaja siasa ya uhuru. TANU, iliyoundwa mwaka 1954, ilizungumza na watu kwa Kiswahili toka mkoa hadi mkoa, na mwaka 1967 serikali ya Tanzania ikatangaza kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya shughuli zake. Lugha ya watu wa pwani ikawa ya wote. Hata hivyo, tulipoipokea lugha kwa mikono miwili, tuliliacha jina nje ya mlango. Mpaka leo, "uswahili" kwa watu wengi maana yake ni hila, umbeya na maneno mengi. Na mkutano ukichelewa kuanza, mtu wa Mbeya au wa Bukoba husema bila kusita, "Ndivyo tulivyo sisi Waswahili."

Tuhesabu basi. Jina moja limekuwa la mtu wa pwani, la aliyetoka utumwani, la mkusanya kodi, la maskini wa mjini, la mjanja, na mwisho limekuwa letu sote. Kama jina hilo lingeeleza tabia iliyo katika damu ya watu, lisingeweza kugeuka hivyo. Lilichofuata ni mamlaka: nani anatawala, nani anatoza kodi, nani anagawa viwanja na kazi. Kwa hiyo anayesema, "Namjua, yule ni Mswahili," ametuonyesha mahali anaposimama yeye mwenyewe. Habari za yule mwingine bado hajatuambia.

Pengine mtu atasema, "Mwalimu, lakini mengine ni kweli, tumeyaona kwa macho." Ni kweli macho huona. Mvuvi aliyekaa baharini usiku kucha hulala asubuhi. Mgeni aliyezoea shamba apita saa nne, amkuta amelala chini ya mnazi, naye arudi kwao na habari za uvivu. Alichokiona hakikuwa uongo. Uongo uliingia alipokigeuza kuwa tabia ya mkoa mzima. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha nilizoea kusikia jambo hili: mwanachuo wa pwani akichelewa darasani, wenzake husema, "Uswahili huo." Akichelewa wa bara, husema, "Labda anaumwa." Kosa ni moja, lakini mmoja ahukumiwa kwa kwao, na mwingine aulizwa hali yake.

Wengine watasema kuwa huu ni utani tu, na utani ni mila yetu njema. Nami naupenda utani. Lakini tuukumbuke ulivyo. Mnyamwezi na Mzaramo wataniana, na wazee wengi huueleza utani huo kwa safari za misafara, watu wa bara waliposhuka pwani wakahitaji wenyeji wa kuwapokea. Mtani hukutukana, nawe humtukana. Msiba ukikufika, yeye ndiye huja kufanya kazi na kuwachekesha wafiwa. Utani una zamu na una deni. Neno lisemwalo nyuma ya mtu, wakati wa kugawa nafasi ya kazi au chumba cha kupanga, naye hayupo ili ajibu, halina zamu wala deni. Hilo si utani, hata likichekesha.

Wala tusidhani kwamba neno dogo haliui. Madoadoa ni neno la kawaida, la nguo na ng'ombe. Katika siasa za Bonde la Ufa nchini Kenya liligeuzwa kuwa jina la watu walioishi katika eneo ambalo wenzao walisema si kwao; na doa, kama tujuavyo, huondolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini humo, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mwaka 2022 tume ya Kenya inayosimamia uwiano na utangamano iliweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Aliyeligeuza mara ya kwanza pengine naye alicheka.

Majina mengine hugeuka kuelekea wema. Siku hizi mtu akikuokoa barabarani, wamwita Msamaria Mwema. Twasahau kwamba Msamaria lilikuwa jina la watu wa jimbo lililodharauliwa, waliogombana na jirani zao wa Yudea kwa karne nyingi juu ya hekalu na ukoo. Waliomsikiliza Bwana Yesu wangeliona maneno hayo mawili hayapatani. Katika mfano ule hakuna sifa za Samaria, wala hakuna anayeambiwa kwamba Wasamaria wote ni wema. Kuna mtu mmoja, jeraha, mafuta, divai, na fedha za nyumba ya wageni. Tendo la mtu mmoja lilitosha kulivunja jina, kwa wale waliokuwa tayari kumtazama mtu.

Basi nawaomba, ndugu zangu, hasa nyinyi wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi. Tunapokaa kumchagua mweka hazina, mwalimu wa kwaya au mlinzi wa shule, na mmoja wetu akasema, "Wa huko ni watu wa namna hii," tumwulize kwa upole: "Huyu amefanya nini?" Kama lipo jambo, litajwe, na mwenyewe aitwe alijibu. Kama halipo, tuliandike jina lake pamoja na mengine, tuendelee na kikao. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuwatoa jirani waliotoka mkoa mwingine.