Rehema ya Mbogani

Kutoka Rongai unavuka Mto Mbagathi kwa Barabara ya Magadi, kisha unakata kuelekea Karen. Huko ipo nyumba ya mawe iliyojengwa 1912, ikaitwa Mbogani, baraza lake likitazama Vilima vya Ngong. Karen Blixen wa Denmark aliishi humo tangu 1917 hadi 1931. Leo ni makumbusho. Wageni ninaowapeleka huulizia zaidi habari za mpenzi wake Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi. Mimi moyo wangu uko kwa Kamante Gatura.

Kamante alikuwa mtoto mchunga mbuzi, miguu imejaa vidonda. Blixen alimpeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, misheni iliyozaa PCEA, kanisa langu. Alirudi mzima na Mkristo, kisha akawa mpishi hodari wa nyumba ile. Siwezi kuliita tendo hilo unafiki. Mguu uliopona umepona.

Lakini shamba lake la kahawa lenyewe je? Wakikuyu waliokuwa na makao pale waliitwa maskwota, na sheria ya 1918 iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka ili walime na kufuga palepale. Blixen mwenyewe, katika kitabu chake cha 1937, alikiri kwamba wengi wao, na baba zao kabla yao, walizaliwa kwenye ardhi ile, na kwamba huenda wao walimwona yeye kama skwota wa daraja la juu.

Nina vyumba vya kupangisha hapa Rongai. Mpangaji akiugua nikamvumilia kodi ya mwezi, hiyo ni huruma. Naweza kuitoa, naweza kuinyima. Dipoziti yake siku ya kuhama ni jambo jingine kabisa. Ni pesa yake. Nikimrudishia huku nangoja anipigie magoti, nimemdhulumu hata kama shilingi zimetimia. Nabii Mika alitanguliza haki, ndipo akataja rehema. Pale Mbogani rehema ilikuwa nyingi, na ilikuwa ya kweli, ila ilitolewa na mtu aliyeshikilia dipoziti ya watu.

Kahawa iliposhindwa na shamba kuuzwa, maskwota waliamriwa kuhama. Walitaka wahamie mahali pamoja, wasitawanywe. Blixen, naye amefilisika, alizunguka ofisi za serikali akiwaombea mpaka wakatengewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Namheshimu sana kwa hilo. Wangapi wangejali, huku wao wenyewe wanafungasha? Naamini walimshukuru, tena kwa dhati. Hata hivyo, watu wazima, wenye wake, watoto na ng'ombe, walihitaji mgeni awaombee kibali cha kuwa majirani katika nchi ya baba zao. Ningependa wageni waambiwe hilo humo humo ndani, kabla ya kutolewa barazani kupiga picha za Ngong.