Jino la Maskini

Yako magonjwa ambayo mtu akiugua hupewa pole na kijiji kizima, na yako mengine ambayo mtu huachwa augue peke yake. Ugonjwa wa meno ni mmoja wa hayo ya pili. Mwenye homa huletewa uji. Mwenye kuumwa jino huambiwa atie karafuu na kungoja. Usiku, wengine wote wakiwa wamelala, yeye hukaa kitako ameshika shavu, wala hawezi kula, wala kusali, wala kuwa mpole kwa watoto wake. Maumivu hayo si madogo kwa sababu tu kiungo chenyewe ni kidogo.

Kanisa halikuyadharau. Tarehe 9 Februari ni siku ya Mtakatifu Apolonia, bikira mzee wa Aleksandria katika Misri, binti wa bara letu la Afrika. Askofu Dionisio wa mji huo aliandika katika barua kwamba, yapata mwaka 249, kundi la wapagani lilimpiga Apolonia mataya hata meno yake yote yakavunjika, kisha likamtisha kumchoma moto asipomkana Kristu. Naye akaujongea moto mwenyewe. Tangu zamani Wakristo wenye kuumwa meno wamemwomba awaombee. Lakini kumwomba mtakatifu hakutuondolei wajibu wetu, na wajibu huo ndio tunaotaka kuusema leo.

Jino halitobolewi na funza, kama wengi walivyodhani. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo kinywani mwa kila mtu, huigeuza sukari tunayokula kuwa asidi. Na asidi hiyo huyeyusha polepole tabaka gumu la nje la jino. Hapo mwanzo hakuna maumivu. Tundu likizidi kwenda chini hufika kwenye kiini, penye neva na damu, na hapo ndipo mtu huanza kulia. Basi maumivu ya jino ni habari iliyochelewa. Katika taarifa yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu wapatao bilioni 3.5, karibu nusu ya watu wote duniani, wana magonjwa ya kinywa.

Tajiri na maskini hupata tundu lile lile, lakini hawapati tiba ile ile. Katika Tanzania, kwa kawaida zahanati ya kijiji haina tabibu wa meno. Mgonjwa hana budi kusafiri mpaka hospitali ya wilaya, au kituo cha afya kilichobahatika kuwa na huduma hiyo. Ahesabu nauli, ahesabu na kibarua alichokikosa siku hiyo, kabla hajafika dirishani kulipa. Kwa hiyo hungoja. Hununua vidonge vya maumivu dukani, jino hutulia juma moja, kisha huamka tena. Mwisho wa yote anapofika hospitali, jino limekwisha oza, au vifaa vya kulizibia vimekwisha, au bei ya kuziba inamshinda. Ndiyo maana katika hospitali zetu za umma kazi kubwa ya tabibu wa meno imekuwa kung'oa. Jino la mwenye fedha huzibwa. Jino la maskini hung'olewa. Na wahenga walikwisha tuambia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Wala asiseme mtu kwamba pengo haliui. Usaha wa gego la chini waweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukaziba njia ya pumzi. Hata katika nchi tajiri jambo hili limepata kuleta msiba. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alikufa baada ya maradhi ya jino lake kupanda mpaka kwenye ubongo. Kuling'oa jino hilo kungaligharimu kama dola 80. Mtoto huyo hakukosa madaktari nchini mwake. Alikosa njia ya kuwafikia kwa wakati.

Je, hili ni jambo la huruma tu? La, ni jambo la haki. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za kila binadamu, pamoja na chakula, mavazi na makao. Hakusema kwamba haki hiyo huishia shingoni. Mwenye mdomo unaooza ni mwana wa Mungu sawa na mwenye homa.

Na dawa zipo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, shule ya meno ya Dar es Salaam ilijaribu njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme: tabibu husafisha tundu kwa vyombo vya mkono, kisha hulijaza saruji maalumu ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Basi jambo lililozaliwa kwetu, na ambalo laweza kufanyika hata chini ya mwembe, lisiwe haba kwetu wenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Twawaomba wenye madaraka wasiyasahau meno wanapoitekeleza, na wahakikishe kwamba vifaa vya kuziba vinafika wilayani kama vifikavyo vya kung'olea.

Nasi wazazi tunalo fungu letu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anaikataa mithali ya watu waliodai kwamba wazazi hula zabibu chungu na meno ya watoto ndiyo yapatayo ganzi. Mungu hataki watoto wachukue uovu wa baba zao. Lakini katika nyumba nyingi sisi wenyewe tunaihuisha mithali hiyo, kwa soda na pipi tunazowapa watoto ili wanyamaze. Tuwasimamie wapige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Tukumbuke pia kwamba magego ya kwanza ya kudumu huota afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi huyadhania kuwa meno ya utoto na kuyaacha yaoze. Nayo hayaoti tena.

Tena tuache kabisa desturi ya kumpeleka mtoto mchanga mwenye kuhara kwa waganga wa kung'oa kile kiitwacho meno ya plastiki. Vile ni vichipukizi vya meno halisi vilivyo ndani ya ufizi. Kuhara hakutoki huko, na kisu hicho kimewaletea watoto kutokwa damu, pepopunda, na hata mauti. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvichumvi na kupelekwa zahanati upesi.

Parokia nazo zina kazi. Msamaria mwema hakumfunga majeruhi vidonda tu. Alimlipia dinari mbili nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na zaidi. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kuchanga nauli ya jirani mmoja aende hospitali wakati tundu lingali dogo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitali za Kanisa nazo zijiulize kama zina kiti cha mgonjwa wa meno, na kama maskini aweza kukikalia.

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 25, chamfananisha mtu asiyeaminika siku ya taabu na jino lililovunjika. Basi tusiwe sisi jino hilo kwa ndugu zetu wanaoumwa.

Mtakatifu Apolonia, utuombee.