Utulivu wa Lamu Ni Haki ya Nani?

Watu husafiri mbali, tena kwa gharama kubwa, ili wakapumzike katika miji ambayo wao wenyewe wasingekubali kuijenga leo. Lamu ni mfano ulio karibu nasi. Mji wake wa kale una hekta 16 hivi tu, vichochoro vyake havipitiki kwa gari, mizigo hubebwa na punda, na nyumba zimebanana hata nyingine zimeungana kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia. Afisa wa mipango miji akiletewa ramani ya namna hiyo leo, ataikataa asubuhi hiyohiyo. Lakini UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni wanaoshuka gatini husifu jambo moja: utulivu. Nauliza basi, utulivu huo unatoka wapi, na mtu anaufaidi kwa haki gani?

Jibu la haraka ni kwamba unatoka katika ukale na bahari. Halitoshi. Kilwa Kisiwani ina ukale wa kutosha, maana Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuusifu mji, na bahari yake ni hii hii ya kwetu. Takwa, katika kisiwa cha Manda, haiko mbali na Lamu. Mgeni huyatazama magofu ya miji hiyo, akapiga picha, kisha akarudi chomboni. Hatafuti nyumba ya kupanga pale. Kinachokosekana si mawe wala maji, ni watu waliokubali kufungwa na wenzao. Tazama nyumba ya Lamu ilivyo. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, kwa hiyo hata tajiri hakuweza kujitanua apendavyo. Mlangoni pana daka lenye baraza, mgeni akaribishwe bila kuingia ndani ya siri za watu. Ukuta wa njiani hauna madirisha makubwa, na kuchungulia ua wa jirani ni aibu. Misikiti inazidi ishirini, na siku hugawanywa na adhana pamoja na maji kujaa na kupwa, mambo mawili yasiyomsikiliza mtu binafsi. Utulivu anaousifu mgeni ni jumla ya mambo mengi ambayo wenyeji wamejizuia kuyafanya.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa na ujirani hakiwezi kununuliwa kwa hati ya nyumba peke yake. Dini ya mji huo inalijua jambo hili vizuri: jirani ana haki juu yako hata kama hukumchagua, na anayeweka wakfu nyumba au duka huifunga mali isiuzwe ili manufaa yake yawaendee wengine baada ya yeye kufa. Dalali na wakfu hawawezi kuelewana. Kwa dalali nyumba ni bei. Kwa aliyeiweka wakfu ni wajibu usiokwisha.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja hii ni la historia. Kuta nene za nyumba za waungwana zilijengwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kuusifu ujirani wa Lamu bila kulitaja hilo ni kusema nusu ya kweli. Lakini mji wenyewe ulibishana juu yake. Habib Saleh, aliyetoka Komoro, aliwafundisha dini watu wa hali ya chini, wakiwamo watumwa na wazao wao, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa. Leo Riyadha, msikiti alioanzisha, ndiyo kitovu cha Maulidi yanayowakusanya watu kutoka pwani nzima. Wajibu wa ujirani haukutupwa. Ulipanuliwa ukawafikia walionyimwa.

Wengine husema fedha za wageni ndizo zinazookoa majengo. Ni kweli kwa sehemu. Chokaa hubanduka, boriti huoza, na umaarufu hauzibi paa: sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib kule Zanzibar iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ila nyumba iliyokarabatiwa vizuri na kufungwa sehemu kubwa ya mwaka, kama zilivyo baadhi za wageni katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, imeokoa ukuta na kupoteza jirani. Tena maji matamu ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kwa hiyo anayejenga juu ya vilima hivyo kwa ajili ya mandhari anaugusa mtungi wa mji mzima. Katika hili sioni tofauti kati ya mgeni na mwenyeji mwenye fedha.

Mcha Mungu naye anaweza kuuliza kwa nini tuuhangaikie mji, ilhali utenzi wa Al-Inkishafi ulikwishayatumia magofu ya mji wa Pate kutuonya kwamba dunia haidumu. Onyo hilo nalikubali. Lakini lililaumu kuitegemea anasa, halikuwasamehe watu haki ya jirani kwa kuwa kuta zitaanguka siku moja. Wala sidai kijana wa Lamu akatazwe friji au kazi ya bandarini ili mtalii apate picha yake. Masharti ya mji huo ayarekebishe yeye anayeishi nayo, kama walivyofanya waliomtangulia.

Anayetaka kuitembelea Lamu na aende, alale kwa mwenyeji, amlipe vizuri. Anayetaka kununua nyumba aulize kwanza jirani zake ni nani, maji yanatoka wapi, na nani atafungua mlango mtaa ukifiwa. Kama hayo yote atamwachia mlinzi, nyumba hiyo asiinunue.