Kimemo kwa wakili: Ni shafaa, au ni ushahidi tusiokuwa nao?

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinivuta pembeni, karibu na mahali pa kutawadhia. Mwanawe, ambaye niliwahi kumfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu alipokuwa sekondari, amemaliza shahada ya sheria na anatafuta ofisi ya mawakili ya kumpokea kwa mafunzo ya vitendo. Mzee hakuja kuniuliza barua ya maombi inaandikwaje. Alitaka kimemo.

"Ustadhi, yule wakili mnayeswali naye Ijumaa anakuheshimu sana. Andika maneno mawili tu, kwamba kijana ni mwaminifu na mchapakazi. Yaliyobaki niachie mimi."

Nilimwomba anipe siku mbili. Alishangaa. Maneno mawili yanahitaji siku mbili za nini?

Ndugu msomaji, kwa wasiofahamu, nafasi hizi si jambo dogo. Kijana wa Tanzania Bara akimaliza shahada ya sheria hawi wakili. Tangu ilipoanzishwa Shule ya Sheria kwa sheria ya mwaka 2007, na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, anatakiwa asome pale mwaka mmoja, sehemu yake ikiwa ni kufanya kazi kwa vitendo, ndipo aombe kwa Jaji Mkuu kuandikishwa. Mwaka 2022 zilipotoka habari kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, nchi nzima ilizungumza, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Tangu hapo wazazi wengi ninaozungumza nao wanaamini kuwa mtoto aliyewahi kukaa ofisini kwa wakili, akashika majalada, akatumwa mahakamani, ana nafuu kuliko aliyesoma vitabuni peke yake. Sidhani kama wamekosea. Lakini ofisi nyingi za mawakili hapa Dar es Salaam ni ndogo; kuna wakili, karani, na meza moja iliyobaki. Wanaoitaka meza hiyo ni makumi. Hapo ndipo kimemo kinapopata thamani.

Sasa niseme kwa nini niliomba siku mbili. Miaka kadhaa nyuma niliandika kimemo cha namna hiyo hiyo. Aliyeniomba alikuwa dada yangu, kwa ajili ya mwanawe, na mjomba utamkatalia vipi mtoto wa dada yako? Niliandika kuwa ni mwaminifu, mchapakazi, mcha Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimwona sikukuu mbili kwa mwaka. Wakili akampokea kwa kuniamini mimi. Mwezi wa tatu akamtuma kupeleka nyaraka mahakamani katika shauri la mirathi la mama mmoja mjane. Kijana hakwenda. Alikuwa na safari yake ya mpira, akasema atapeleka kesho, na kesho siku ilikuwa imeshapita. Shauri lilitupwa na yule mama akalazimika kuanza upya, huku shemeji zake wakiwa ndani ya nyumba. Wakili hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ustadhi, uliniambia ni mwaminifu. Ulimjua lini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yule mama sijawahi kumwona wala hajui kuwa nipo. Lakini jina langu limo katika mkasa wake.

Ndiyo maana nasema suala hili tusilichukulie kuwa ni la kusaidiana tu. Wapo wanaosema kimemo ni haramu moja kwa moja, ni upendeleo, basi. Hao nao wanakwenda haraka. Uislamu haukukataza shafaa ya dunia, yaani kumsemea mtu kwa mwenye uwezo. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaona kuwa Mtume (s.a.w.) alipojiwa na mwenye haja aliwahimiza maswahaba waliokuwepo wamsemee, ili wapate ujira. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu (s.w.) anataja shafaa mbili, nzuri na mbaya, na kwamba anayeifanya ana fungu lake katika matokeo. Tafakari neno hilo, fungu. Mimi nina fungu katika ile nyumba ya mjane.

Mtume huyo huyo aliyewahimiza maswahaba kusemeana alighadhibika pale Usama bin Zayd (r.a.), kijana aliyempenda sana, alipokuja kumwombea mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Hapo palikuwa na haki ya mtu mwingine na hukumu iliyokwisha thibiti. Kwa hiyo suala halikuwa kusema au kutosema. Suala ni unasema nini, na nani atalipa gharama ya maneno yako.

Swali la kujiuliza ni je, kimemo ni kitu gani hasa? Sisi tunakichukulia kama zawadi, au kama nauli unayomlipia mtu kwenye daladala kwa kuwa mnafahamiana. Kwa maoni yangu, kimemo ni ushahidi. Ukiandika "namfahamu, ni mwaminifu", umesimama mbele ya mtu na kushuhudia. Tofauti na mahakamani ni kuwa hapa huapishwi wala hakuna wakili wa upande wa pili wa kukuhoji. Laiti angekuwepo!

Inasimuliwa kuwa Umar bin al-Khattab (r.a.) alimhoji mtu aliyekuja kumtolea mwenzake sifa njema. Alimuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake. Hapana. Je, umeamiliana naye kwa fedha, ukaijua amana yake? Hapana. Umesafiri naye, safari inayodhihirisha tabia? Hapana. Umar akamwambia basi humjui, pengine ulimwona msikitini tu akiinama na kuinuka. Kisa hiki nimekifundisha darasani zaidi ya mara kumi. Nilikifundisha hata mwaka ule ule nilioandika kile kimemo cha mtoto wa dada yangu, na wala sikukiona kinanihusu.

Najua hoja iliyo midomoni mwa wasomaji wengi. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye vikao vya wazazi, na mzee wangu naye alinieleza kwa uchungu: "Wenzetu wanabebana. Sisi tukianza kupimana kwa mizani ya Umar, watoto wetu watabaki nje ya milango yote." Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli kuwa mtoto wa jaji anapotafuta ofisi hahitaji hata kuandika barua. Simu moja inatosha. Ni kweli pia kuwa mtoto wa mama lishe wa Mbagala anaweza kuwa na alama nzuri kuliko huyo, na bahasha yake ikaishia chini ya meza ya karani bila kufunguliwa. Kumsemea mtu kama huyo ili bahasha ifunguliwe ni shafaa njema bila shaka yoyote.

Lakini tuangalie vimemo vinaandikwa kwa ajili ya nani. Mzee wangu ana duka Kariakoo na magari mawili ya mizigo. Anamjua imamu, anamjua mwalimu, na kupitia mwalimu anamfikia wakili. Yule wa Mbagala hana wa kumvuta pembeni baada ya Isha. Kwa hiyo tunaposema tunabebana kama Waislamu, mara nyingi tunaobebana ni wale wale wanaojuana, na anayesukumwa nje ni Mwislamu mwingine asiyejulikana. Na hata asingekuwa Mwislamu, haki haina dini. Aya ya nane ya Suratul-Maida inatutaka kufanya uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse kijana wa watu ambaye hatuna ugomvi naye.

Kuna jambo jingine ambalo sisi walimu tumelifundisha kwa juu juu. Nabii Yusuf (a.s.) alipokuwa gerezani alimwomba mwenzake anayetoka amtaje kwa bwana wake. Hilo ni ombi la kimemo kabisa! Yule mtu akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka. Alipokuja kumkumbuka, alimtaja kwa jambo alilolishuhudia mwenyewe, kwamba alimfasiria ndoto na ikawa vile vile. Kisha Yusuf mwenyewe aliposimama mbele ya mfalme kuomba kazi, alitaja sifa mbili tu, kuwa ni mtunzaji na ni mjuzi. Hakutaja hapo kuwa ni mwana wa Yaqub, mwana wa Is-haq, mwana wa Ibrahim, ingawa gerezani aliwataja wazee wake hao alipokuwa akilingania dini. Hebu fikiria ni nani kati yetu angekuwa na babu kama Ibrahim (a.s.) na asimweke kwenye mstari wa kwanza wa barua ya maombi ya kazi.

Na kule Madyan, binti wa yule mzee alimpendekeza Musa (a.s.) kwa baba yake kwa sababu ya nguvu na uaminifu. Alijuaje? Alikuwepo kisimani. Alimwona akiwanyweshea wanyama wao bila kuombwa ujira. Zingatia pia kuwa Musa hakumtuma binti huyo akamsemee. Shafaa ile ilitoka kwa aliyeona, bila kusubiri kuvutwa pembeni.

(Kwa kuwa nimeitaja Madyan, niseme neno kwa mawakili wetu. Yule mzee alipompokea Musa alimweleza muda na malipo, miaka minane, au kumi akipenda. Kijana anayefika ofisini kwako saa moja asubuhi na kuondoka Magharibi kwa miezi sita, bila hata nauli, mnayemwita "wa kujitolea", ni nani aliyejitolea hapo? Utaratibu huu nao unawachuja watoto wa maskini kabla ya kimemo chochote. Mjadala wake ni mrefu, nauachia hapa.)

Turudi kwa mzee. Siku ya pili nilimwambia kuwa nitaandika, ila nitaandika ninachokijua. Nilichokijua ni kwamba nilimfundisha kijana wake kidato cha tatu na cha nne, alikuwa na akili nyepesi na insha nzuri, alikuwa akichelewa asubuhi, na tangu amalize kidato cha nne sijui habari zake. Mzee aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaniambia, "Hii hata usingeiandika." Tangu siku ile salamu yake imekuwa fupi. Jambo hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia, maana ni mtu aliyenichangia mahari yangu.

Wakati huo huo nilimkumbuka binti mmoja, naye mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesoma sheria chuo kile kile. Hakuniomba kitu. Nilisikia tu kuwa amezunguka ofisi kumi na moja, kutoka Posta mpaka Upanga, akiacha bahasha kwa walinzi. Huyu namjua. Kwa miaka miwili alishika daftari la mfuko wa wanafunzi wa Kiislamu shuleni, na siku moja alinirudishia shilingi elfu nane nilizomzidishia kwa makosa yangu ya hesabu, ambazo nisingezijua kamwe. Ijumaa iliyofuata nilimweleza wakili habari hiyo ya elfu nane, basi, bila kuongeza neno. Nikamwambia pia kuwa kijana wa mzee fulani anatafuta nafasi, na sina la kumshuhudia zaidi ya insha zake.

Je, na huu haukuwa upendeleo? Nimejiuliza. Mimi ndiye niliyechagua ni nani wa kumkumbuka, na bila shaka katika zile bahasha nyingine wapo waliorudisha zaidi ya elfu nane, ila mwalimu wao haswali na wakili. Hilo sijalitatua. Wakili yeye alisema hatampa mtu nafasi kwa maneno yangu, na mimi nikafurahi kusikia hivyo. Atawaita wote walioleta maombi siku ya Jumamosi, awape jalada moja la zamani lililofutwa majina, kila mmoja aandike kurasa mbili kueleza shauri linahusu nini na mteja ashauriwe nini.

Jioni ya Alhamisi yule kijana wa mzee alikuja nyumbani, peke yake, na barua yake ya maombi mkononi. Nadhani baba yake hakujua. Alitaka niipitie. Ilikuwa kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili aliandika kuwa anajua Kiarabu vizuri, kusoma na kuandika. Nikachukua gazeti la Kiarabu alilonipa rafiki aliyerudi kutoka Muscat, nikamwekea mbele. Alilitazama, akanitazama, akacheka mpaka machozi. Akachukua kalamu akaufuta mstari ule mwenyewe. Kisha akafuta na ule uliosema ana uzoefu wa kuongoza watu, akanyamaza kidogo, akafuta na mwingine. Tulipofika mwisho, barua ilikuwa imebaki ukurasa mmoja, na adhana ya Isha ilikuwa inaadhiniwa.