Deni la Geti Lililofungwa

Waswahili tumezoea kusema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo tunamtupia mtu asiye na shukrani, na sijasikia mtu akisimama kumtetea punda. Lakini, ndugu msomaji, hebu tuigeuze kidogo. Punda amebeba mawe na maji tangu alfajiri. Je, ni fadhila gani hasa aliyotendewa hata adaiwe shukrani? Nani hapo anamdai mwenzake? Swali hili si la punda peke yake. Ni la kila mnyama tuliyemtia ndani ya ua wetu, mbwa na paka wakiwa mbele.

Tuanze na mbwa. Pita mitaa ya Mikocheni au Mbezi jijini Dar es Salaam, utasoma kwenye mageti: "Hatari! Mbwa Mkali." Nyuma ya geti mara nyingi pana banda la mabati na nondo, na humo mna mbwa anayefungiwa alfajiri na kufunguliwa usiku watu wanapokwenda kulala. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: "Akizoea watu hatakuwa mkali." Ukiongeza kwamba jua linachoma na sufuria lake la maji limekauka, utachekwa: "Aa, bwana we, mbwa si mbwa tu!"

Katika maneno hayo, "mbwa si mbwa tu", imejificha falsafa nzima. Maana yake ni kwamba mnyama hana haki, anaonewa huruma tu. Na huruma ni mali ya mwenye nayo, akitaka hutoa, asipotaka basi. Wako wenye fikra nzito waliokaribia msimamo huo. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alifundisha kuwa hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Tusiwatese, kwa kuwa anayezoea kumtesa mnyama atakuwa na moyo mgumu kwa binadamu wenzake pia. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, aliona vingine: la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaumia.

Mimi namfuata Bentham, ila naona amebakiza jambo. Swala wa Mikumi naye huumia kwa kiu, mbona hatumpelekei ndoo ya maji? Kwa sababu swala ana miguu yake na mto wake. Anachotudai ni kuachwa. Mbwa wa bandani naye ana miguu, lakini sisi tumeweka komeo. Kiu yake haikuletwa na kiangazi. Imeletwa na komeo letu. Hoja yangu basi ni hii: ukimfungia kiumbe njia ya kujitafutia, umejitwika mzigo wa kumtafutia. Hapo si huruma tena. Ni deni.

Watu wa pwani hawahitaji kumsubiri Bentham kwa hili. Wanaijua habari iliyomo katika hadithi za Mtume, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajilie vijidudu vya ardhini. Angalia uzito ulipolala. Kumnyima chakula paka aliye huru ni uchoyo. Kumnyima aliyefungiwa ni kumuua. Ndiyo maana paka wa vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe, wanaolala barazani kwa watu na kungoja vichwa vya samaki, huenda siku nyingine wakashinda na njaa, lakini njia wanayo.

Sasa deni lenyewe ni kiasi gani? Si zulia wala kitanda, jamani. Mwaka 1979 baraza moja la Uingereza lililoshughulikia mifugo liliorodhesha mambo matano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa adha, asiachwe na maumivu, majeraha au ugonjwa, asiishi kwa hofu, na apate nafasi ya kuenenda kama maumbile yake yanavyotaka. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haiingii kila ua. Anayeingia ni mwenye ua.

Naye akiingia aone nini? Aone kwamba bati likipigwa na jua la saa saba banda huwa tanuri, na mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na maji yanamwishia. Aone kwamba sumu ya panya inaweza kumpata paka aliyemla panya huyo. Ajue kwamba Panadol anayomeza yeye kichwa kikimuuma, kidonge kimoja tu chaweza kumuua paka. Na akumbuke chanjo. Kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara huishia kaburini. Anayempuuza mbwa wake hapa amempuuza pia mtoto wa jirani.

Na ule ukali? Mbwa asiyezoeshwa watu hawezi kumtofautisha mwizi na mtoto aliyeufuata mpira wake. Huyo hakufunzwa ulinzi. Amefunzwa hofu tu.

Najua yupo anayesonya: "Watoto wa watu wanalala na njaa, wewe unatuletea habari za mbwa!" Swali hilo ni la haki, na silikwepi. Jibu langu la kwanza: hakuna aliyelazimishwa kufuga. Deni lilianza siku ulipofunga geti, na asiyeweza kulilipa asikope. La pili ni chungu zaidi. Yako majumba ambamo mbwa hununuliwa nyama kila wiki, na mlinzi anayekesha naye hupewa ugali na maharage, mshahara ukichelewa miezi miwili. Je, hiyo haivunji hoja yangu? La hasha, inaikamilisha. Bwana huyo hampendi mbwa. Anapenda mali inayolindwa. Siku mbwa akizeeka, meno yakamtoka, atatupwa barabarani kama mlinzi anavyofukuzwa bila kiinua mgongo. Wote wawili wamefungiwa nyuma ya geti moja, na wote wawili wanaambiwa washukuru.

Hapa Kant alikuwa na nusu ya ukweli: jicho lisiloona sufuria kavu ni lilelile lisilomwona mlinzi. Lakini nusu nyingine aliikosa. Mbwa si daftari la kujifunzia utu, kwamba tukishafuzu tulifunge. Kiu yake ni kiu yake, hata kama hakuna binadamu atakayefaidika ikikatwa.

Kwa hiyo kabla hujaleta mtoto wa mbwa au wa paka nyumbani, usijiulize kama unawapenda wanyama. Wengi tunawapenda mpaka Jumatatu. Jiulize nani atajaza maji Jumatano saa saba mchana wewe ukiwa kazini, na nani atamtunza akiwa mzee asiyefaa kitu. Kama huna jibu, liache geti wazi, naye ajiendee zake.